Vyumba vya Glasgow, maonyesho ya Edinburgh: uchambuzi wa kisa cha malazi na usafiri wa tamasha la Agosti

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinawahusu watu wazima wanne waliokwenda Edinburgh, Uskoti, kuhudhuria tamasha la Fringe mwezi Agosti 2025. Majina yao, miji wanakoishi, waajiri wao na majina ya hoteli na nyumba walizozitafuta yameondolewa. Mwanamke aliyesimamia safari ataitwa mratibu. Wengine ni mume wake, mdogo wake aliyetoka Dar es Salaam, na rafiki wa familia, mzaliwa wa Mombasa anayeishi London. Kiasi cha fedha kinachotajwa kimetoka katika daftari la matumizi la mratibu, ambaye aliandika kila pauni iliyotoka, hata ile ya kununulia sufuria, na ambaye aliruhusu hesabu zake zitumike kufundishia.

Kisa kimechaguliwa kwa sababu safari ilifanikiwa kwa kiasi kikubwa, na bado ndani yake mna uamuzi mmoja ulioonekana wa busara kwenye karatasi lakini ukala faida yake wenyewe. Makosa ya wazi hujieleza yenyewe. Uamuzi wa namna hii ndio wenye mafunzo.

Usuli: kwa nini Agosti ya Edinburgh ni ghali

Edinburgh ni jiji lenye wakazi zaidi kidogo ya nusu milioni. Mwaka 1947 lilianzisha tamasha la kimataifa la sanaa, na mwaka huohuo vikundi vinane vya maigizo ambavyo havikualikwa vilikwenda na kujionyeshea pembeni. Pembeni huko ndiko kulikozaa Fringe, ambayo leo huwa na maonyesho zaidi ya 3,000 kwa msimu na huuza tiketi zaidi ya milioni mbili. Mwezi huohuo jiji hupokea pia tamasha la vitabu na gwaride la kijeshi la Tattoo, linalofanyika karibu kila jioni kwenye uwanja wa mbele ya ngome. Wageni wote hao wanataka kulala katika eneo ambalo mtu anaweza kulivuka kwa miguu ndani ya saa moja.

Msongamano huo ni wa siku zote. Kilichobadilika katika miaka ya karibuni ni upande wa vyumba vyenyewe, na asiyefahamu mabadiliko haya atatafuta malazi kwa ramani ya zamani. Tangu Desemba 2017, mikataba mipya ya upangaji wa nyumba za watu binafsi Uskoti haina tarehe ya mwisho. Mwenye nyumba hawezi tena kuwapangisha wanafunzi kwa miezi tisa, kuwatoa Juni, na kuipangisha nyumba hiyo Agosti kwa watalii. Kisha, tangu Oktoba 2023, anayepangisha nyumba au chumba kwa muda mfupi lazima awe na leseni ya halmashauri au msamaha wa muda, na namba yake ionekane kwenye tangazo. Nyumba nyingi zilizokuwa zikiwapokea wasanii na watazamaji zimetoka sokoni kwa njia hizo mbili. Mabweni ya vyuo vikuu hayakuguswa na sheria ile ya upangaji, na kwa hiyo yamebaki kuwa akiba kubwa ya vyumba vya bei ya kati wakati wanafunzi wako likizo.

Kundi letu lilijiwekea ukomo wa pauni 1,600 kwa watu wanne, yaani 400 kwa kila mtu, kwa usiku tano za malazi na usafiri wote ndani ya Uingereza. Nauli ya ndege kutoka Dar es Salaam, viza, chakula na tiketi za maonyesho vilihesabiwa kando. Hawakuwa na gari. Mume wa mratibu ana goti bovu, jambo ambalo si dogo katika jiji lililojengwa juu ya vilima na kuunganishwa kwa ngazi.

Kulikuwa na sharti jingine zito. Mdogo wake mratibu ni mwalimu wa sekondari na mtumishi wa umma. Agosti shule za Tanzania ziko wazi, kwa hiyo alihitaji ruhusa ya likizo na kibali cha kusafiri nje ya nchi kabla ya kuomba viza, na viza ya mgeni ya Uingereza haiombwi mapema kuliko miezi mitatu kabla ya safari. Vyumba vya bei nafuu vya Agosti huanza kuondoka tangu Januari. Kwa maneno mengine, dirisha la malazi lilifunguka na kuanza kujifunga kabla dirisha la viza halijafunguka, na bila mdogo mtu safari yenyewe isingekuwa na maana, kwa sababu ilipangwa kwa ajili yake.

Mfululizo wa matukio

*Januari.* Mume wa mratibu alianza kwa kutafuta nyumba ya vyumba viwili katikati ya jiji kwa wikiendi ya tarehe 8 Agosti. Bei ya chini aliyoipata ilikuwa pauni 380 kwa usiku mmoja, ambayo kwa usiku tano ingevuka ukomo wote kabla ya mtu kupanda treni. Mratibu aliuliza swali ambalo wengi hawaulizi: kuna nini kingine wiki hiyo? Jibu lilipatikana upesi. Bendi ya Oasis ilikuwa na maonyesho katika uwanja wa Murrayfield tarehe 8, 9 na 12 Agosti, na tiketi zake zilikwisha kuuzwa tangu mwaka uliotangulia. Wakasogeza safari hadi kati ya Jumatano tarehe 13 na Jumatatu tarehe 18.

Wiki hiyohiyo waliweka nafasi ya vyumba viwili katika hoteli moja ya Glasgow kwa pauni 76 kila chumba kwa usiku. Glasgow iko umbali wa dakika 50 hivi kwa treni, na mchana treni huondoka kila baada ya robo saa. Walichagua bei inayoruhusu kughairi bila gharama, ingawa ilizidi ile isiyorejeshwa kwa pauni 11 kwa kila chumba. Walitaka usiku zote tano, lakini bei ya pauni 76 ilikuwepo kwa Jumatano na Alhamisi pekee. Ijumaa chumba kilekile kilipanda hadi pauni 210. Mume alidhani ni hitilafu ya mtandao na kupendekeza wasubiri ishuke. Bei haikushuka.

*Februari.* Rafiki wa London alipata tangazo la nyumba karibu na uwanja wa Meadows kwa pauni 110 kwa usiku, yenye vyumba viwili na jiko kubwa. Mdogo mtu aliandika kwenye kundi lao la WhatsApp: "Dada, hii ina jikoni. Wali wetu tutapika wenyewe." Tangazo halikuwa na namba ya leseni. Rafiki alimwomba mwenye nyumba namba hiyo, akaipata baada ya siku mbili, ikianza na herufi EH kama inavyotakiwa. Alipoitafuta katika daftari la leseni la halmashauri, ambalo liko wazi kwa kila mtu mtandaoni, namba ilikuwepo lakini ilikuwa ya nyumba nyingine katika mtaa mwingine. Mwenye nyumba alipoulizwa alijibu kwa kuharakisha: kuna mteja mwingine, tumeni nusu ya fedha benki leo. Hawakutuma.

Wakati huohuo familia moja ya Kitanzania inayoishi Fife, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Forth, iliwapa chumba kimoja bure. Walikikataa kwa adabu.

*Machi.* Walipata mabweni ya chuo kikuu kilichoko pembezoni mashariki mwa jiji, jirani na stesheni ya Musselburgh, ambapo treni hufika Waverley, stesheni kuu ya Edinburgh, kwa muda usiofika dakika kumi. Vyumba vilikuwa vya mtu mmoja mmoja, vyenye bafu ndani na jiko la pamoja, kwa pauni 58 kwa usiku. Waliweka nafasi ya vyumba vinne kwa usiku tatu, Ijumaa hadi Jumatatu, navyo kwa sharti la kughairi hadi wiki chache kabla. Vyumba vya Jumatano na Alhamisi vilikuwepo pia. Hawakuvichukua, kwa kuwa Glasgow ilikuwa tayari mkononi na ilikuwa rahisi zaidi: pauni 152 kwa usiku kwa watu wote, dhidi ya 232.

*Mei na Juni.* Kibali cha mdogo mtu kilichelewa mezani kwa mtu, kama vibali vinavyochelewa, na ombi la viza likaingia mwishoni mwa Mei. Wakati huo tiketi za treni za bei ya mapema, ambazo hutolewa takriban wiki 12 kabla ya safari, zilikuwa zimefunguliwa. Mratibu na mumewe walinunua kadi ya punguzo ya watu wawili wanaosafiri pamoja kwa pauni 35, ikawapunguzia theluthi ya nauli. Ya mdogo mtu hawakuinunua mpaka viza ilipotoka Juni, na kufikia siku hiyo tiketi ileile ilikuwa imepanda kwa pauni 19. Rafiki alikata basi la usiku kutoka London, kwenda na kurudi, kwa pauni 47.

*Jumatano tarehe 13 Agosti.* Rafiki alifika alfajiri akiwa hajalala. Wengine walifika mchana. Kwa kuwa hoteli ilikuwa Glasgow na tiketi za onyesho la kwanza zilikuwa za alasiri, mizigo iliwekwa kwenye chumba cha kutunzia mizigo kwa pauni 24. Usiku walikwenda Glasgow kwa basi.

*Alhamisi.* Walirudi Edinburgh baada ya saa za msongamano kwa tiketi ya kwenda na kurudi ya pauni 16.80 kila mmoja. Onyesho ambalo mdogo mtu alilitaka zaidi lilikuwa chini kule mtaa wa Cowgate, lianze saa nne na dakika kumi usiku na kwisha saa tano na dakika kumi. Treni ya mwisho ya Glasgow ilikuwa karibu na saa tano na nusu. Kwenye karatasi muda ulitosha. Lakini kumbi za Fringe hupokezana: chumba kimoja hubeba onyesho baada ya onyesho kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane, kwa dakika chache tu za kubadilisha mapambo, na kila aliyechelewa mchana humsukumia deni lake anayefuata. Lao lilianza dakika 20 nyuma ya muda. Katikati ya onyesho mratibu alimwonyesha mdogo wake saa, jibu alilopata gizani lilikuwa, "Dada, sikuvuka bahari nije kutazama saa." Wakabaki hadi mwisho, wakapanda ngazi kutoka Cowgate kwa mwendo wa lile goti, na treni ikawa imeondoka. Walikwenda kwenye kituo cha mabasi jirani na St Andrew Square na kupanda basi namba 900, linalokwenda Glasgow usiku kucha, kwa nauli mpya. Walifika chumbani karibu saa nane usiku.

*Ijumaa.* Walitakiwa kutoka hotelini kabla ya saa tano asubuhi. Walirudi Edinburgh kwa basi na masanduku yao, wakalipa tena pauni 24 za kutunza mizigo, kwa kuwa bweni halikufungua vyumba hadi alasiri na onyesho lao la kwanza lilikuwa saa saba mchana. Njiani kuelekea kituo cha mabasi cha Glasgow walipishana na wanaume na wanawake waliovaa sketi za Kiskoti na kubeba masanduku ya zumari. Ijumaa na Jumamosi hiyo Glasgow ilikuwa na mashindano ya dunia ya bendi za zumari, yanayofanyika kila Agosti katika viwanja vya Glasgow Green na kukusanya bendi kutoka nchi nyingi. Bei ya pauni 210 haikuwa hitilafu ya mtandao.

*Jumamosi hadi Jumatatu.* Kutoka bwenini mambo yalikwenda vizuri. Jiko la pamoja lilikuwa na majiko ya umeme manne, friji mbili na birika, lakini halikuwa hata na sufuria moja, kwa sababu kila mwanafunzi huja na vyombo vyake na huondoka navyo. Mdogo mtu alikuwa amebeba mchele na binzari. Sufuria ilinunuliwa dukani kwa pauni 9, na wali ukaliwa kwenye bakuli za karatasi. Jumamosi usiku walirudi kwa basi la usiku la kuelekea Musselburgh, na kutoka kituoni mume alishindwa kutembea. Wakaita teksi kwa umbali ambao wengine wangeumaliza kwa miguu. Teksi hiyo, pamoja na nyingine ya Jumapili, ilifanya jumla ya pauni 26.

Maamuzi na sababu zake

Kukataa chumba cha bure cha Fife kuliwashangaza jamaa walioko Dar es Salaam. Sababu ya mratibu ilikuwa ya vitendo. Anayekaribishwa nyumbani hawezi kurudi saa saba usiku siku tano mfululizo na kuondoka asubuhi bila kukaa na wenyeji. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" ni msemo unaomhusu mgeni anayekaa nyumbani, na mgeni wa Fringe hakai. Tena treni ya mwisho ya kurudi Fife huondoka mapema kuliko maonyesho yanavyokwisha, na ingebidi mwenyeji awafuate kwa gari. Kilichokuwa bure kwao kingelipwa na mtu mwingine kwa usingizi wake.

Kulipia bei inayorejeshwa kulitokana na hali ya viza. Kwa Glasgow, pauni 11 mara vyumba viwili mara usiku mbili ni pauni 44. Hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya kuweza kusema Januari kwamba "tunakwenda", wakati mmoja wao hakuwa hata na kibali cha mwajiri. Kuhusu tiketi ya treni ya mdogo mtu walifanya kinyume, wakasubiri, kwa kuwa tiketi za mapema hazirejeshwi. Ucheleweshaji huo uliwagharimu pauni 19, kiasi wanachokiona ni halali na mimi nakubaliana nao.

Sababu ya kubaki na Glasgow hata baada ya mabweni kupatikana haikuwa hesabu. Ilikuwa mazoea. Nafasi iliyokwisha kuwekwa huonekana kama jambo lililokwisha kuamuliwa, ingawa sharti la kughairi bila gharama lilikuwa linawaambia kwamba bado halijaamuliwa.

Matokeo

Malazi yaligharimu pauni 1,000 kamili: 304 za Glasgow na 696 za bweni. Usafiri wa kufika Edinburgh na kurudi, pamoja na ile kadi ya punguzo, ulikuwa pauni 294. Treni ya Alhamisi ya Glasgow ilikuwa pauni 67.20, na mabasi ya Glasgow ya Jumatano, Alhamisi usiku na Ijumaa yalifikia 96. Mabasi ya jijini na treni za Musselburgh yalikuwa 84, kutunza mizigo 48, teksi 26. Jumla ni pauni 1,615.20, yaani walivuka ukomo wao kwa pauni 15. Sufuria mratibu aliiandika upande wa chakula.

Waliona maonyesho yote waliyokuwa wamelipia. Mdogo mtu alirudi Dar es Salaam ndani ya muda wa ruhusa yake.

Uchambuzi

Ukiziangalia zile pauni 15 peke yake, kisa hiki hakina la kusema. Ziangalie usiku mbili za Glasgow. Kama wangelala bwenini usiku hizo mbili, wangelipa pauni 464 badala ya 304. Glasgow iliwaokolea 160. Lakini Glasgow iliwadai 67.20 za treni, 96 za mabasi, na 48 za mizigo ambazo karibu zote zilitokana na kuhama kutoka hoteli moja kwenda malazi mengine katikati ya safari. Hizo ni pauni 211.20. Hata tukitoa pauni 40 hivi ambazo wangetumia kwa usafiri wa kawaida kati ya bweni na katikati ya jiji siku hizo mbili, faida ya Glasgow imekwisha na deni dogo limebaki, na bado hatujahesabu saa walizozipoteza barabarani wala ule usiku wa saa nane.

Kosa lao halikuwa la kuchagua Glasgow. Wapo ambao Glasgow inawafaa kabisa: anayelala huko usiku zote, anayetazama maonyesho ya mchana, na anayerudi kwa treni ya saa tatu usiku atapata chumba kizuri kwa nusu ya bei. Kosa lilikuwa kuweka bei ya chumba kwenye safu moja na bei ya usafiri kwenye safu nyingine, kisha kuzilinganisha hoteli kwa safu ya kwanza tu. Katika tamasha ambalo utamu wake uko kati ya saa tatu usiku na saa saba, chumba na safari ya kurudi chumbani ni bidhaa moja. Bei yake halisi hujulikana baada ya kuuliza maswali mawili: treni ya mwisho ni saa ngapi, na ikishaondoka kuna nini? Glasgow ilikuwa na jibu zuri kwa swali la pili, lile basi la usiku kucha, na mratibu alikuwa amelinakili kwenye simu kabla ya safari. Ndiyo maana Alhamisi iliishia kwenye uchovu na nauli ya ziada badala ya watu wanne kukesha nje. Stesheni ya Waverley hufungwa usiku. Fife isingekuwa na jibu hilo, na uamuzi wa kuikataa ulithibitika ulikuwa sahihi kwa sababu hiyohiyo.

Tukio la zumari linafundisha kwa sababu ya jinsi lilivyotokea. Mratibu alikwisha kuonyesha kwamba anajua swali la kuuliza, aliuliza "kuna nini kingine wiki hiyo?" kuhusu Edinburgh, na jibu likamwokoa na wikiendi ya Oasis. Hakuliuliza kuhusu Glasgow, kwa kuwa moyoni Glasgow ilikuwa kimbilio, na mtu hakagui kimbilio. Bei inayopanda mara tatu kwa usiku mmoja karibu kila mara ina tukio nyuma yake. Wangelijua Januari kwamba Ijumaa na Jumamosi hazitashuka, wangeanza kutafuta mahali pa kukaa usiku zote tano badala ya kushona safari kwa vipande viwili, na mabweni, ambayo wakati huo yangekuwa na vyumba tele, yangekuwa jibu la kwanza badala ya kiraka.

Kwa upande wa ulaghai, walifanya kazi safi, na ningependa wasomaji waige utaratibu wao kwa ukamilifu. Watu wengi sasa wanajua kwamba tangazo la Uskoti linatakiwa kuwa na namba ya leseni. Wachache huichukua namba hiyo na kuipeleka kwenye daftari la halmashauri kuona kama anwani inalingana. Tapeli wa Meadows alikuwa na namba, tena ya kweli. Alichokosa ni nyumba.

Mabweni yanastahili sifa kuliko yanavyopata. Yana bei isiyoyumba sana, yana mapokezi saa zote, na mgeni anayeomba viza anapata uthibitisho wa malazi kutoka taasisi inayojulikana. Upungufu wake ni ule wa vyombo vya jikoni, jambo ambalo barua pepe moja ya kuuliza ingelitatua, na ule wa maili ya mwisho usiku. Kwa mtu mwenye goti kama la mume wa mratibu, umbali kutoka kituo cha basi la usiku hadi mlangoni ulipaswa kupimwa kwenye ramani siku ya kuweka nafasi, kwa kuwa stesheni iliyo jirani na bweni haimsaidii mtu baada ya treni kulala. Pauni 26 za teksi zilikuwa gharama inayotabirika, na bajeti ilipaswa kuzijua mapema.

Kilichobadilika tangu wakati huo

Atakayetumia hesabu hizi kwa Agosti zijazo azisahihishe mahali pawili. Kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, nauli za saa za msongamano zimefutwa katika treni za ScotRail, kampuni ya reli ya Uskoti, na tiketi ya kwenda na kurudi kati ya Glasgow na Edinburgh iliyokuwa pauni 32.60 asubuhi ya siku ya kazi sasa ni zile 16.80 za saa yoyote. Hilo linaisogeza Glasgow karibu kidogo kwa anayetaka kuanza siku mapema, lakini halibadilishi saa ya treni ya mwisho.

Edinburgh nayo imeanzisha tozo ya wageni ya asilimia 5 ya bei ya malazi kwa kukaa kuanzia tarehe 24 Julai 2026, inayotozwa kwa usiku tano za kwanza na kuhusu nafasi zilizowekwa tangu tarehe 1 Oktoba 2025. Kwa kundi kama hili, kulala ndani ya mipaka ya jiji usiku tano kwa pauni 232 kungeongeza pauni 58. Musselburgh, ingawa treni yake inaingia Waverley haraka kuliko mabasi ya mitaa mingi ya Edinburgh yenyewe, iko chini ya halmashauri ya East Lothian, na mtu anayelinganisha bweni moja na jingine anapaswa kwanza kuangalia lipo upande gani wa mpaka huo.